Madam na Maneno ya Kuambiwa

Waliosoma kwa Madam wakikutana, hata ikiwa ni matangani, hawakawii kumwigiza. Mmoja atainamisha kichwa, atashusha miwani ambayo hana, kisha aseme polepole: "Umesoma wewe, ama umeambiwa?" Wote wanacheka, na mimi nacheka nao, ingawa kicheko changu huwa kifupi kidogo. Kwa mwanamke huyo nilijifunza kazi ninayoifanya hadi leo. Kwa mdomo wake nusura nifukuzwe chuoni, na kwa mdomo huohuo nikarudishwa. Mambo hayo sijawahi kuyatenganisha, wala sioni kwa nini nimsifu kwa moja na kulinyamazia jingine.

Alitufundisha historia katika chuo cha ualimu cha wasichana, kwenye barabara ya kutoka Litein kwenda Roret, miaka michache baada ya uhuru. Hakuwa mtu wa pale. Alitoka milima ya Kisii, na majirani walimwita "yule Mkisii" mpaka alipojua Kipsigis cha kuwajibu, ndipo nao wakaanza kumwita Madam kama sisi. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, mwenye mwendo wa haraka. Asubuhi alitembea na buti za mpira kwa sababu ya matope. Akifika mlangoni mwa darasa alizivua, akavaa viatu vyeusi alivyobeba kwenye kikapu, akaingia. Msichana aliyeleta tope ndani alipewa kitambaa bila kuambiwa neno.

Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na jikoni, kwa hiyo vitabu vyote vilinuka sukuma wiki. Historia ya pande zetu tuliisoma katika kitabu kimoja kinene kilichochakaa mgongo, tukikiazima kwa zamu. Mwandishi wake alikuwa amenukuu maneno ya msafiri mmoja Mzungu aliyepita huku zamani, na chini ya ukurasa akataja kitabu cha msafiri huyo. Sisi tukaona hapo pana mali. Katika insha ya kwanza, karibu darasa zima tuliandika kwamba msafiri fulani amesema hivi na hivi katika kitabu chake, ukurasa fulani. Mwisho wa insha, kwenye orodha ya vitabu tulivyosoma, tukakitanguliza kitabu cha msafiri kwa mwandiko wetu mzuri kabisa. Kile kinene hatukukitaja. Tuliona kingetutia aibu, maana kila mtu alikuwa nacho.

Madam alirudi na insha zetu akiwa na furaha, na furaha ya Madam ilikuwa jambo la kuogopwa.

"Kumbe hiki kitabu cha huyu Mzungu kiko hapa," alisema. "Mimi nimekitafuta mpaka Nairobi nikakosa. Nani ataniazima?"

Tukainamia madaftari yetu. Akaniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa mrefu kuliko wote na popote nilipokaa nilionekana.

"Wewe wa Sigor, si umekiandika hapa? Kiko nyumbani kwenu?"

"Hapana, Madam."

"Kiko wapi?"

"Niliona kwa kile kitabu kikubwa, Madam."

"Ah. Na hawa wenzako walionaje? Huyu msafiri ameandika maneno mengi, lakini nyinyi wote mmeyakata pahali pamoja, kama nyasi."

Ni kweli. Mwandishi wa kitabu kinene alikuwa ameruka maneno katikati ya nukuu, na sisi tuliruka naye palepale, bila kujua tumeruka nini. Basi siku hiyo Madam alitufundisha somo ambalo nimelifundisha mara nyingi tangu hapo, na sijaweza kulisema vizuri kumshinda. Kitabu ambacho hujakishika, usijifanye umekishika. Ukiweza kukipata, nenda ukakisome. Usipoweza, sema: fulani, kama alivyonukuliwa na fulani. Na kwenye orodha ya mwisho usiweke kitabu ulichokisikia, weka kile kilichokuwa mikononi mwako.

Msichana mmoja akauliza, "Lakini Madam, si ni maneno yaleyale tu?"

"Huyu mtu wa katikati ana mikono," akajibu. "Anakata, anaunga. Ukimficha, makosa yake yanakuwa yako. Na hata kama hakukosea, umemnyima jasho lake."

Hakuweka desturi hiyo darasani peke yake. Mtu akimuuliza kama Kericho kunanyesha, alijibu, "Dereva wa basi anasema kunanyesha." Mhubiri mgeni akisimulia kisa cha mlevi aliyeokoka, Madam alimngoja nje ya kanisa, akamsalimia kwa adabu na kumuuliza mlevi huyo anaishi wapi. Wahubiri walijifunza kutokea mlango wa nyuma. Sisi tulipenda kumchokoza kwa ile methali ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Alikuwa haipendi hata kidogo. "Linakuja kutoka wapi?" alikuwa akiuliza. "Limepanda gari la nani?"

Hata hivyo, mtu huyohuyo alikuwa na chupa ya dawa ya mizizi, chungu kupita kiasi, aliyowanywesha wasichana wote waliolalamika tumbo, hedhi, kikohozi au huzuni. Siku moja nilithubutu kumuuliza nani alimwambia kwamba dawa hiyo inaponya. Alinitazama, akajaza kijiko. "Kunywa," akasema. Nikanywa.

Na alipenda umbea. Lazima niseme hivyo, kwa sababu wanaomwigiza matangani huliacha hilo nyuma. Jumamosi alasiri alikaa kwenye veranda ya nyumba yake na ungo wa wimbi la uji, akichambua mawe, na wasichana tuliompenda tulikwenda kumsaidia. Alitupa ndizi mbivu na chai ya rangi, maana maziwa alikuwa hayanywi, jambo lililowashangaza watu wa nchi yenye maziwa mengi namna ile. Halafu akaanza. Alijua nani amechumbiwa, mwalimu gani ameandikiwa barua na mke wa kwanza, karani gani wa kiwanda cha chai amenunua redio na kwa nini.

Lakini umbea wake ulikuwa na tanbihi. Hakusema kamwe kwamba fulani amefanya jambo. Alisema, "Nimeambiwa na mama wa kantini, naye aliambiwa na shemeji yake wa Roret, mimi sijaona." Tulicheka hadi wimbi likamwagika. Siku moja mwenzangu alimwambia, "Madam, sasa hii si ndiyo kama alivyonukuliwa?" Akafurahi, akamwongezea ndizi. Alijua anachofanya. Nadhani aliona kwamba mtu akiutaja ukoo mzima wa habari, habari hiyo haina dhambi tena. Mimi pia niliamini hivyo, kwa sababu niliamini kila alichosema.

Mwaka wangu wa pili, msimu ule majani ya chai yanapochumwa kwa wingi na malori yanapita hadi jioni, Makamu wa mkuu wa chuo aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa kanisa, mnyoofu, asiye na uovu. Aliniambia kwamba nilionekana Roret siku ya soko, nikishuka kutoka lori la majani chai, bila ruhusa, nimekaa mbele na dereva. Nilimwambia siku hiyo nilikuwa mtoni nafua nguo. Akauliza, nani alikuwa na wewe? Nilikuwa peke yangu. Akasema niende nyumbani nimlete baba, kamati itakaa, na nibebe sanduku langu kabisa, kwa sababu jambo lenyewe halina shaka.

"Nani amesema, mwalimu?" nikauliza.

"Limethibitishwa na Madam."

Nilibeba sanduku kichwani hadi stendi ya Litein. Sikulia njiani. Nililia nilipofika nyumbani na kukuta habari imenitangulia. Mwanamke mmoja wa kijiji chetu alikuwa ameisikia sokoni Sigor kwa watu waliotoka huko juu, na wakati huo lori limekuwa malori, na dereva amekuwa mchumba. Mama hakunipiga wala hakunikemea. Aliacha kwenda kuteka maji asubuhi wakati wa wenzake, akawa anakwenda mchana wa jua peke yake. Baba alikuwa ameuza ng'ombe ili nisome, na wajomba walishamwambia msichana hasomeshwi. Kama kamati ingenifukuza, nilijua mimi ndiye ningekuwa wa mwisho, na wadogo zangu wawili wa kike wasingekanyaga shule ya sekondari.

Tulirudi na baba juma lililofuata. Kamati ilikaa kwenye chumba cha walimu: Mkuu wa chuo, Makamu, walimu kadhaa, na Madam pembeni na viatu vyake vyeusi. Karibu na mlango walikuwa wamekaa mama wa kantini na mwanaume mmoja aliyevaa koti la mvua. Sikumjua. Baba aliweka kofia magotini.

Makamu akaeleza kosa langu, kisha akamalizia, "Na Madam mwenyewe amethibitisha."

"Sikuthibitisha," Madam akasema.

"Ulisema hapahapa, Madam. Tukinywa chai."

"Nilisema nimeambiwa na mama wa kantini, naye ameambiwa na dereva wa lori, mimi sijaona. Ule mkia mmeukata."

Makamu alishangaa kwa dhati, nakumbuka uso wake. "Lakini Madam, wewe si mtu wa kusema ovyo. Mwingine angesema, tungeuliza. Umesema wewe, sisi tuulize nini tena?"

Madam alisukuma kiti nyuma. Halafu akainuka, akawaambia kwamba Jumamosi alikwenda kantini, na kutoka kantini akatembea hadi kituo cha kununulia majani, akamngoja dereva, na dereva ndiye yule mwenye koti.

Mkuu akamwambia dereva aseme.

"Mimi nilikuwa kwa steringi," dereva akasema. "Ni tanboi wangu, yule kijana wa kupakia majani, aliona msichana akishuka kwa lori ingine huko Roret. Akaniambia ni mrefu, ako na sweta ya kijani ya hii chuo. Jina hakusema. Na mimi sikusema jina. Jina ningetoa wapi?"

Mama wa kantini akashika shingo yake. "Mimi nilisikia mrefu, sweta ya kijani. Nikasema huyo basi ni yule wa Sigor, kwani mrefu mwingine ni nani? Sikujua itafika huku, mwalimu."

Mkuu akauliza kama sweta za kijani huvaliwa na wanafunzi peke yao. Hata yeye alijua sivyo. Wasichana waliomaliza waliziuza sokoni Litein, na kila kibarua wa kike kati ya Litein na Roret aliyepatwa na baridi ya asubuhi alikuwa na yake. Mkuu akafunga shauri. Akasema msichana arudi darasani, sanduku lirudishwe bwenini, na Makamu akaniomba radhi mbele ya watu wote, jambo ambalo sijalisahau.

Ndipo baba akaomba kusema. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitafuta polepole.

"Nashukuru nyinyi walimu. Mtoto anarudi kusoma, hiyo ni mzuri. Lakini jina lake imetembea mpaka Sigor. Nani atarudisha?"

 Makamu aliangalia dari, mama wa kantini akajifuta macho, dereva akageuza kofia yake mkononi. Madam aliangalia viatu vyake. Hakuna aliyejibu, na Mkuu akafunga kikao kwa sala.

Tulipotoka baba aliniambia, "Yule mama amekuokoa. Shika masomo." Nilishika masomo. Lakini nilikuwa na hasira na Madam, na hasira hiyo ilinisumbua kwa sababu sikuona pa kuiweka. Alikuwa amenitetea. Alitembea kwa miguu yake kwenda kutafuta ukweli wangu, wakati rafiki zangu wote walikaa kimya. Hata maneno aliyoyasema kwenye chai yalikuwa sahihi, hakuongeza wala hakupunguza. Kosa lake lilikuwa lipi, basi? Nilijiuliza usiku na mchana, nikaishia kujiona sina shukrani.

Baada ya hapo veranda ilifungwa. Hakutangaza lolote. Jumamosi ya kwanza tulikwenda, tukakuta wimbi amelichambua mwenyewe na mlango umerudishwa. Ndizi alituletea darasani, akaziweka mezani, akaendelea na somo. Kwenye chai ya walimu, nilivyoambiwa na mpishi, alikuwa anakunywa kikombe chake amesimama, anatoka. Darasani ukali wake uliongezeka. Zamani ilitosha kusema "kama alivyonukuliwa". Sasa aliuliza pia, "Na kwa nini umemnukuu? Insha yako ingepungukiwa nini bila yeye?" Wengi hawakuelewa kwa nini anauliza hivyo. Mimi nilikisia, lakini hakuwahi kuniambia neno juu ya lile jambo, na mimi sikumuuliza.

Nilimaliza, nikafundisha shule za msingi, kisha nikapata nafasi ya chuo kikuu. Huko nilimkumbuka karibu kila wiki. Wenzangu walikuwa na orodha za vitabu ndefu kama foleni ya kununua sukari, na nusu yake walikuwa hawajaiona. Yangu ilikuwa fupi, na kila mahali nilipopata neno kwa mtu wa katikati nilimtaja mtu wa katikati. Mhadhiri mmoja alinipunguzia alama kwa kutegemea mno vitabu vya mkono wa pili. Nilikwenda kumwona, nikamwambia ni kweli nimevitegemea, na kwamba tofauti yangu na wenzangu ni kwamba mimi nimesema. Alama hakunirudishia. Ila muhula uliofuata alianza kuwauliza wengine vitabu vyao viko wapi, na nikapoteza marafiki kadhaa.

Nilimwona Madam mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa amestaafu na kununua kipande cha shamba karibu na Roret, chai kidogo, migomba, wimbi. Wakati huo nilikuwa nafundisha chuo cha ualimu mimi mwenyewe, nikasema nitampelekea kitenge na sukari kama mwanafunzi mwema. Nilipokuwa napanda njia ya kwake mvua ya mawe ikaanza, ile ya Kericho isiyo na huruma, nikaingia jikoni kwake mbio, nimelowa.

Alikuwa amezeeka, miguu imevimba, lakini alinijua kabla sijasema jina. Alinipa kigoda karibu na moto, akanipa chai ya rangi. Mawe yaligonga mabati hadi ikabidi tuongee kwa sauti. Alisema chai yake ya juu itaharibika yote, na hakuonekana kujali sana. Tuliongea habari za kazi. Nikamwambia wanafunzi wangu nao huandika vitabu ambavyo hawajavishika, akatabasamu.

Kisha akaniuliza, "Baba yako yuko?"

"Alitangulia, Madam. Mwaka juzi."

"Pole sana." Alisukuma kuni ndani. "Aliuliza swali siku ile. Sikumjibu."

Nilijua ni siku gani. Nikasema haraka, kwa heshima, "Lakini wewe ndiye ulinirudisha shuleni. Na ulikuwa umesema umeambiwa. Hukudanganya."

"Sikudanganya," alisema. "Nilitaja mama wa kantini. Nilitaja dereva. Mpaka tanboi wa watu akatajwa. Wote niliwatoa mbele ya kamati, mmoja mmoja." Mawe yakapungua juu ya bati. "Lakini kwa ile meza ya chai mama wa kantini hakuwako. Dereva hakuwako. Nani alilileta pale?"

Nilikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nililileta mimi. Na si kwamba nilikuwa na haja nalo. Lilikuwa tamu, nikapenda vile wote waliacha vikombe wakanisikiliza. Hiyo sikuambiwa na mtu."

Nililia. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye watoto na wanafunzi, na nililia mbele ya moto wake kama siku niliyotua sanduku nyumbani. Wakati huohuo nilikuwa na furaha, kwa sababu hatimaye kitu nilichokuwa nimekosa kukitaja kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimetajwa na mwenyewe, na sikuwa mtu asiye na shukrani. Yeye hakulia. Aliweka mkono wake mnene juu ya goti langu, akauacha hapo.

"Baba yako angekuwako ningemwambia," alisema. "Sasa nakwambia wewe. Samahani, mwanangu."

"Nimekusamehe, Madam."

Mvua ilipokatika alinisindikiza hadi mwanzo wa njia, akitembea taratibu kwa fimbo. Majani ya chai yalikuwa yametapakaa chini, mabichi, yamepasuka. Tuliagana kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshageuka kwenda aliponiita.

"Wewe ni mwalimu, utawasimulia watoto wako haya mambo," alisema. "Ukisimulia, usianzie kwa dereva. Anzia kwangu."